Himofilia ukiwa Kigoma au Tabora: kipimo kipi, dawa ipi

Mtoto wa kiume ametahiriwa na hadi kesho yake damu haijakata. Mwingine ameanza kutambaa, magoti yanavimba bila kuanguka. Mwingine jino la utoto limeng'oka na mama amekesha akibadilisha vitambaa. Kuanzia Kakonko hadi Sikonge, himofilia hujulikana kwa njia hizi hizi. Kabla mtu hajaitaja kwa jina, familia nyingi zimeshapita zahanati na kwa mganga, zimeshaambiwa mtoto ana damu nyepesi, au kuna jirani mwenye jicho baya. Jina likishatajwa, maswali huja kwa mkupuo. Tupime wapi? Atibiwe na nini? Na ile sindano tuliyosikia inachomwa mara moja kwa mwezi, ipo kweli?

Ipo. Hapa chini nimeilinganisha na wenzake, kuanzia vipimo hadi dawa, kwa kigezo kimoja tu: ni kipi kinaweza kumfikia mtoto wa Uvinza au Urambo ndani ya saa chache tangu damu ianze kuvujia ndani ya kiungo. Dawa nzuri iliyoko Dar es Salaam wakati goti linavimba Kaliua haimsaidii mtoto usiku ule.

Kwa wasioujua ugonjwa: damu huganda kwa protini zinazoamshana kwa zamu, na nyingi zimepewa namba. Mwenye himofilia A amepungukiwa fakta 8, mwenye himofilia B amepungukiwa fakta 9. A humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, B ni adimu zaidi. Fakta ikiwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, ugonjwa ni mkali, na damu huvuja ndani ya viungo hata bila kuumia. Kati ya asilimia 1 na 5 ni wa wastani. Kuanzia 5 hadi 40 ni mwepesi, na mtu anaweza kufika utu uzima bila kujua hadi ang'olewe jino. Mtoto huirithi kwa mama, lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana mtu mwingine yeyote kwenye ukoo mwenye ugonjwa huo. Mawifi wanaomnyooshea mama kidole wapunguze kasi.

Tyubu ya kioo, APTT na kifaa cha kidole

Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo naanza na kipimo. Anayechagua dawa kabla ya kujua ni A au B anacheza bahati nasibu, kwa sababu nusu ya dawa nitakazozitaja zinafanya kazi kwa mmoja na si kwa mwingine.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni tyubu ya kioo ya dakika 20. Unachukua damu ya mshipani kama mililita 2, unaiweka kwenye tyubu mpya, kavu, ya kioo, unaiacha bila kuitikisa kwa dakika 20, kisha unaiinamisha mara moja. Ikimwagika kama maji, haijaganda. Wahudumu wengi wanakijua kwa ajili ya nyoka, na ndiyo kazi yake hasa. Hakihitaji umeme wala kitendanishi. Ila kuna mambo mawili. Tyubu ya plastiki haifai, kwa sababu kioo ndicho kinachoamsha mgando, na tyubu ya kioo iliyooshwa kwa sabuni inaweza kudanganya vilevile. La pili ni kubwa zaidi: mwenye himofilia ya wastani au nyepesi anaweza kukifaulu kabisa. Kwa hiyo damu isipoganda, una sababu ya kumpeleka mtoto rufaa leo hii. Ikiganda, bado hujamwondolea mtoto himofilia.

APTT, kipimo cha maabara kinachohesabu sekunde ambazo damu huchukua kuganda, ndicho kipimo chenyewe. Kilianzia Marekani mwaka 1953, kikaboreshwa 1961, na hadi leo hakijapata mbadala kwenye kazi ya kuchuja. Mgonjwa wa himofilia huonyesha APTT ndefu, huku PT (kipimo pacha, cha njia nyingine ya mgando) na hesabu ya chembe sahani zikiwa za kawaida. Picha hiyo ya vitu vitatu ndiyo ya kuitafuta. Kisha maabara huchanganya plazima ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, na plazima ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu. Muda ukirudi kawaida, kuna kitu kimepungua. Usiporudi, kuna kitu kinachozuia. Baada ya hapo ndipo hupimwa fakta yenyewe, 8 au 9, na kutoa asilimia.

Udhaifu wa APTT kwa mtu wa huku uko barabarani. Damu huwekwa kwenye tyubu yenye mfuniko wa buluu, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti (kemikali inayozuia damu isigande kwenye tyubu), ijazwe hadi kwenye mstari. Tyubu iliyojazwa nusu hutoa muda mrefu wa uongo, na nimeona watoto wakipewa jina la ugonjwa kwa sababu ya tyubu iliyojazwa vibaya. Kisha sampuli ipimwe ndani ya saa 4, au plazima itenganishwe na kugandishwa. Basi la Tabora halifiki Mwanza kwa saa 4, la Kigoma ndiyo usiseme. Kwa hiyo kama hospitali yako haina mashine inayofanya kazi au friza ya kugandishia, usikubali kusafirisha tyubu. Asafiri mtoto. Kwa wengi wetu ni Bugando, Mwanza, au Muhimbili, ambako kuna kliniki ya himofilia.

Halafu kuna kile kifaa kidogo cha kutoboa kidole kinachotoa INR (namba ya muda wa damu kuganda) papo hapo, kama CoaguChek. Kinapendeza, kinaingia mfukoni, na mtu akikiona anadhani tatizo limekwisha. Kwa mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya kuwekewa valvu ya moyo, kweli ni mkombozi. Kwa himofilia hakifai kitu, kwa sababu INR hutokana na PT, na PT haipiti kwenye njia ya fakta 8 wala 9. Mtoto mwenye himofilia kali atapata INR safi kabisa. Mtu akikupa jibu hilo na kukwambia "damu yake iko sawa", mshukuru na uendelee na safari.

Watafiti wa Mumbai, India, wametengeneza kipimo cha kijikaratasi, mfano wa kile cha malaria, cha kuchuja himofilia kwa tone la damu. Hicho kikienea hadi zahanati za Kibondo na Uyui, nitaandika upya sehemu hii yote. Kwa sasa panga na APTT.

Plazima na krayo

Hii ndiyo tiba iliyo karibu zaidi kijiografia. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko Tabora mjini, na hospitali za rufaa za mikoa yetu, Kitete na Maweni, zinaongezea wagonjwa damu kila siku. Tofauti ya plazima na krayo, yaani mashapo yanayotolewa kwenye plazima, wengi huipuuza, nami nitaipa muda kidogo.

Plazima iliyogandishwa ina fakta zote, lakini kila moja ni kidogo, takriban uniti 1 kwa kila mililita. Chukua mtoto wa kilo 20 mwenye himofilia A ambaye goti limevuja, na daktari anataka kufikisha fakta 8 hadi asilimia 40. Kila uniti moja kwa kilo hupandisha asilimia 2, kwa hiyo anahitaji uniti 400. Kwa plazima ni mililita 400, kiasi ambacho kwa mtoto huyo tayari kiko ukingoni mwa kinachovumilika. Ukizidisha, mapafu na moyo vinalemewa. Kama ni B, hesabu inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu fakta 9 hupanda asilimia 1 tu kwa kila uniti. Zingehitajika uniti 800, yaani mililita 800 za plazima kwa mtoto wa kilo 20. Haiwezekani. Kwenye uhaba, mwongozo wa kimataifa unakubali kulenga asilimia 10 hadi 20 kwa kiungo kilichovuja, na hapo ndipo plazima inapopata nafasi yake.

Krayo iligunduliwa na Judith Graham Pool, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1964. Aliona kwamba plazima iliyogandishwa ikiyeyushwa polepole kwenye baridi, chini hubaki mashapo, na ndani ya mashapo yale fakta 8 imejikusanya. Mfuko mmoja wa mililita 30 hadi 40 hubeba uniti kama 70 hadi 80. Kwa mtoto wetu yuleyule wa kilo 20, mifuko mitano au sita inatosha, chini ya robo lita. Ugunduzi ule haukuhitaji kiwanda, benki ya damu yenye friza na mtu makini inaweza kuutumia. Lakini krayo haina fakta 9. Kumwekea mtoto wa himofilia B krayo ni kumpa sindano bila dawa.

Zote mbili zina kasoro moja ya pamoja. Mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini damu yenyewe haichemshwi wala kusafishwa kuua virusi, na mgonjwa wa himofilia atapokea mifuko ya mamia ya watu maishani mwake. Siitishi mtu. Goti linavuja na hakuna kingine, weka plazima au krayo. Ila usiifanye kuwa mpango wa maisha.

Fakta ya chupa

Hii ni fakta iliyokaushwa ikawa unga, inayochanganywa na maji yake na kuchomwa mshipani polepole kwa dakika chache. Zile uniti 400 zinaingia kwenye mililita chache tu. Hakuna dripu, hakuna kulazwa, na mama aliyefundishwa anaweza kumchoma mwanawe nyumbani Ujiji, akaamka asubuhi kwenda sokoni.

Kuna inayotengenezwa kwa plazima ya binadamu na kuna inayotengenezwa kiwandani kwa seli zilizopandikizwa jeni. Watu wananiuliza ipi ni salama. Historia ndiyo inayowatia hofu, na wana haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chupa moja ilikuwa na plazima ya maelfu ya watu bila kuuliwa virusi, na wagonjwa wengi Marekani na Ulaya wakaambukizwa VVU. Uingereza pekee ni zaidi ya 1,200, na ripoti ya uchunguzi wa kashfa hiyo imetoka Mei 2024, miaka arobaini baadaye. Lakini tangu katikati ya miaka ile fakta ya plazima hupashwa moto au kusafishwa kwa kemikali, na ile ya kiwandani ilipata kibali Marekani mwaka 1992. Kwa mtu wa Kigoma, tofauti kati ya hizo mbili leo ni ndogo. Pokea ile iliyopo.

Tatizo la fakta ya chupa ni kwamba haikai. Fakta 8 hupungua nusu kila baada ya saa 12 hivi, fakta 9 karibu siku moja. Anayetaka kinga, siyo kuzima moto tu, huchomwa mara tatu kwa wiki kwa A, mara mbili kwa B, na kila mara ni mshipani. Mtoto wa miaka miwili mwenye mishipa isiyoonekana, jaribu mara tatu kila wiki, mwaka mzima. Zipo fakta za muda mrefu zilizoanza kuruhusiwa mwaka 2014, na moja ya mwaka 2023 ya himofilia A inayochomwa mara moja kwa wiki, lakini ugavi ndio unaoamua, na fakta nyingi inayowafikia wagonjwa wetu ni ya msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani. Hutachagua chapa. Utapewa iliyokuja na shehena.

Jambo lingine ni kizuizi. Hadi asilimia 30 ya wenye himofilia A kali hutengeneza kingamwili zinazoiua fakta wanayochomwa. Dalili yake ni kwamba dawa iliyokuwa ikikata damu haikati tena. Familia hudhani chupa zimeharibika njiani. Rudi maabara kwanza, ndipo uilaumu dawa.

Kuhusu joto: chupa nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini nyingi zinaruhusu miezi kadhaa nje ya friji ikiwa joto halizidi 30. Soma lebo ya chupa yako. Oktoba ya Tabora inavuka 30 mchana kweupe, kwa hiyo chupa isikae kabatini chini ya bati.

Emisizumabu, yaani Hemlibra

Ndiyo ile sindano ya mwezi. Ni kingamwili yenye mikono miwili, iliyobuniwa Japani na Chugai: mkono mmoja unashika fakta 9 iliyoamshwa, mwingine unashika fakta 10, na hivyo inafanya kazi ambayo fakta 8 ingeifanya. Kwa kuwa siyo fakta 8, kizuizi hakiitambui. Marekani iliruhusu kwa wenye kizuizi Novemba 2017, na kwa wasio nacho Oktoba 2018. Katika utafiti wa wasio na kizuizi, waliochomwa kila wiki walivuja damu kwa asilimia 96 pungufu kuliko wasiopewa kinga. Sijui dawa nyingine ya ugonjwa huu iliyobadilisha maisha haraka hivyo.

Inachomwa chini ya ngozi, tumboni au pajani. Wiki nne za kwanza ni kila wiki, kisha kila wiki, kila wiki mbili, au kila wiki nne, kwa kipimo kinacholingana. Mtoto wa kilo 20 kwenye ratiba ya wiki nne anapata chini ya mililita moja. Kwa familia ya Kalya inayopanda boti kufika mjini, ratiba hiyo ina maana ya safari moja kwa mwezi mahali pa tatu kwa wiki. Chupa isiyofunguliwa inavumilia nje ya friji jumla ya siku 7, chini ya nyuzi 30, kwa hiyo kasha la barafu linatosha kwa treni na boti.

Sasa ubaya wake. Ni kinga tu, haizimi moto uliokwishawaka: mtoto akigongwa na pikipiki bado anahitaji fakta. Haifanyi kazi kabisa kwa himofilia B. Ikiunganishwa na dawa moja ya wenye kizuizi, FEIBA, kwa kiwango kikubwa kwa zaidi ya siku, inaweza kuleta mgando hatari kwenye mishipa midogo. Na kwa mtu wa maabara kuna mtego: inafupisha APTT hadi ionekane ya kawaida au chini yake, na athari hiyo hudumu miezi baada ya sindano ya mwisho. Mtoto akifika mapokezi amezirai na hakuna aliyesema anatumia Hemlibra, jibu la APTT litampotosha daktari. Bei yake dukani haigusiki. Tangu 2019 Roche huitoa pia kama msaada kupitia shirikisho lile lile, na mlango wa kuipata ni kuandikishwa kwenye kliniki.

Traneksa, na nyingine nitakazozipita mbio

Asidi ya traneksamiki ilibuniwa na wanandoa wa Kijapani, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962. Haiongezi fakta, inazuia donge lililokwisha kuganda lisiyeyuke. Kwa kinywa, pua na jino ni dawa nzuri ajabu kwa bei yake. Kipimo cha kawaida ni miligramu 25 kwa kila kilo, mara tatu kwa siku, na kidonge kikisagwa kwenye maji mtoto mkubwa anaweza kusukutua. Isitumike akikojoa damu, kwa sababu madonge yanaweza kuziba njia ya mkojo. Faida yake huku ni kwamba tayari ipo: wodi ya wazazi huitumia kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Ukiambiwa hakuna, waombe waulize upande huo.

Desmopresini inasaidia himofilia A nyepesi tu. Tiba ya jeni ipo, Hemgenix ya himofilia B iliruhusiwa Marekani Novemba 2022 kwa dola milioni 3.5 kwa dozi. Tusipoteze karatasi.

Ningechagua hivi

Himofilia A kali, mtoto mdogo, mbali na mji: ningepigania emisizumabu kabla ya kitu kingine, hata kama kuandikishwa kunadai safari ya Muhimbili. Mishipa ya mtoto na umbali wa hospitali vinaipa ushindi, na kama tayari ana kizuizi hakuna mjadala. Pembeni yake iwekwe fakta 8 kidogo kwa ajili ya ajali, ikae hospitali ya wilaya, kwa jina la mtoto.

Himofilia A ya wastani, familia inayokaa Tabora mjini au Kigoma mjini, mzazi jasiri wa sindano: fakta ya chupa nyumbani inatosha, na krayo iwe akiba shehena inapochelewa.

Himofilia B: fakta 9 ya chupa, basi. Hao ndio ninaowasikitikia zaidi, kwa kuwa Hemlibra haiwahusu, krayo haina chao, na plazima haitoshi. Ndiyo maana jibu la A au B liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mtoto, na mzazi alijue kwa kichwa. Dawa mpya kama konsizumabu na fitusirani, zilizoruhusiwa Marekani Desemba 2024 na Machi 2025, zinawalenga A na B pamoja, na ziko za kuulizia kila mnaporudi kliniki.

Wote: traneksa iwe ndani ya nyumba, pamoja na parasetamoli. Asipirini, diklofenaki na brufeni zitoke. Sindano za takoni zikataliwe kwa adabu, na chanjo ichomwe chini ya ngozi pale inaporuhusiwa, au pabanwe dakika 10. Kadi ya mfukoni iwe na aina ya himofilia, asilimia, kama ana kizuizi, uzito wa mwisho, na dawa anayotumia. Kama ni Hemlibra, ongeza mstari mmoja: "APTT yangu haisomeki, msiiamini."